Mume wa Bibi Alipokuja Kumfuata

Jumamosi, tarehe mbili Desemba. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa Nduguti. Mchana imenyesha mvua ya kwanza, kidogo tu, kama inayojaribu, halafu jua likarudi kukausha kila kitu kabla hata kuku hawajatoka chini ya ghala.

Harufu ndiyo imenikalisha chini niandike. Ninyi wa rika langu mnaijua, ile harufu ya vumbi likipigwa na matone ya kwanza, inayomfanya hata mwanamke asiye mjamzito atamani kulamba udongo. Kila mwaka ikija namkumbuka Bibi, mama yake baba, na kila mwaka nasema nitaandika habari yake, halafu naacha. Niliishia darasa la saba. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akisema sentensi zangu zinatangatanga kama mbuzi waliokosa mchungaji. Na jambo lenyewe ni la Mungu na ndoa, ambalo hata waliosoma vyuo vya Biblia wanalizungumza kwa kukohoa kohoa. Lakini leo nimesema potelea mbali, mvua yenyewe imejaribu, na mimi nijaribu.

Nililelewa kwa Bibi na Babu, baba na mama wakiwa Ihanja wanalima alizeti. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti iliyokuwa ikifika kisimani kabla yake. Babu hakubatizwa. Akiulizwa alisema anamwachia Bibi atangulie, akifika akiona ni kuzuri atamwita. Mimi Babu aliniita mke wangu, na Bibi akaniita mke mwenzangu, akininyima mafuta ya kujipaka eti nisimpite uzuri. Nilijua huo ni utani wa babu na mjukuu. Nalitaja hili mapema ili msinione nilikuwa mjinga kuliko nilivyokuwa. Neno mke la utani nililijua. Ila nilijua pia kwamba kanisani hawataniani.

Mwaka mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, mvua iligoma. Uwele ulikauka ukiwa haujanifika magotini, na uji tulikunywa mwembamba hadi unaona uso wako ndani ya kikombe. Basi wanawake wa kijiji wakaondoka siku moja kwenda kwenye jabali lililo mlimani, kwa mzee wa mvua, wamebeba pombe ya mtama na kuku weusi. Weusi kwa sababu wingu la mvua ni jeusi. Bibi alikwenda nao, na kuku wake mmoja. Namkumbuka yule kuku kuliko ninavyokumbuka sura za watu, maana alikuwa anataga uvunguni mwa kitanda changu.

Halafu mvua ikanyesha. Hapo ndipo penye ugumu. Ingekataa kunyesha, nadhani kila mtu angenyamaza, kanisa na mlima. Lakini ilinyesha ikabeba hadi daraja la miti, watu wakaanza kusema nani alikwenda na nani hakwenda, na jina la Bibi likafika kwenye baraza la wazee wa kanisa. Akatengwa na meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya washarika.

Niwatendee haki wazee wale. Sheria ilikuwa inajulikana. Bibi mwenyewe, alipokuwa mjumbe wa baraza, aliwahi kunyoosha mkono kuwatenga wengine kwa kosa hilo hilo, na aliunyoosha vizuri.

Alihama benchi la mbele upande wa wanawake, akaenda kukaa la nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na wanaonyonyesha na mbwa wa mwinjilisti. Nilikaa naye. Kwangu ilikuwa ni neema, kulikuwa na upepo na tuliwahi kutoka. Lakini Bibi alikuwa na hofu moja ambayo aliisema kila alipokuwa akichambua mboga: "Nikifa hivi nilivyo, nitafukiwa tu kama mzoga. Sitaimbiwa." Kengele hakuitamani, na maneno ya mchungaji alisema mengi yao anayajua. Alitaka nyimbo. Alikuwa amewaimbia wafu wa kijiji kizima, akawa anahesabu kwamba na yeye siku yake wataimba. Sasa hakuna.

Mwinjilisti wetu alikuwa kijana aliyetokea Sepuka, Mnyaturu, basi Wanyiramba wa kwetu walimtania kutwa kwa jinsi alivyokuwa akitamka maneno. Alikuja kwa baiskeli, suruali ameibana mguuni kwa kibanio cha nguo, mara nyingi akasahau kukitoa akahubiri nacho. Jumapili moja akasoma habari za nabii aliyeambiwa aoe mwanamke ambaye angemwacha na kuwafuata wengine. Akafunga Biblia akauliza:

"Huyo mume, ndugu zangu, ni nani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ni Mungu. Na huyo mke ni nani? Ni sisi. Ni mimi. Ni yule aliyekula kiapo na Mungu wake, akaona mawingu yamechelewa, akamfuata mwingine mlimani. Huo ni uzinzi!"

Sina hakika kama nimeyaweka maneno yote mahali pake. Lakini alisema "ni mimi" pia, hilo nalikumbuka, na ni vizuri liandikwe. Watu hawakugeuka kumtazama Bibi. Walikuwa na ile namna ya kutogeuka ambayo shingo zote zinakakamaa kwa pamoja. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikamtazama. Alikuwa anatazama kibanio cha nguo.

Njiani kurudi nilibaki nyuma ya Bibi. Nilikuwa na kazi kichwani. Kama Bibi ni mke wa Mungu, na alikwenda mlimani kwa mwingine, hilo ni baya, sawa. Lakini huyo wa mlimani alikwenda kwake mara moja tu. Kuna mtu mwingine anayekaa naye kila siku, anakula chakula chake, analala nyumba moja naye. Kadiri nilivyokaribia nyumbani ndivyo jambo lilivyozidi kuwa wazi, nikamwonea Mungu huruma sana.

Babu alikuwa anaziba boma la mbuzi kwa miiba. Nilimpita bila shikamoo. Kwetu hilo halikuwahi kutokea.

"We mke wangu! Leo hunioni?"

"Mimi si mke wako. Na Bibi si mke wako."

"Alaa. Bibi ni wa nani?"

"Ni wa Mungu. Mwinjilisti amesema kanisani. Wewe umechukua mke wa mtu."

Babu akaweka panga chini taratibu.

"Amesema mbele ya watu?"

"Wengi."

"Na huyo mwenye mke, anasemaje?"

"Amekasirika."

Babu alicheka mpaka akakalia miiba yake mwenyewe, akaruka, akaendelea kucheka amesimama. Akaita kwa sauti: "Mama Danieli! Njoo usikie! Kumbe miaka yote hii nimekaa na wewe nikiwa mgoni! Mbona hukuniambia nikimbie?"

Bibi hakucheka. Alikaza kanga kiunoni akaingia jikoni, na kwa namna alivyopuliza moto, hata Babu akanyamaza. Akamfuata mpaka mlangoni. Mimi nikajibanza nyuma ya mtungi.

"Si ukatubu yaishe? Ulikwenda, hukwenda?"

"Nilikwenda. Kwa miguu yangu na kuku wangu. Hilo nitalisema hata mnadani. Lakini baada ya yale mahubiri wanataka niseme nimezini." Neno lenyewe alilisema kwa kunong'ona. "Mkwe wangu akiwa amekaa pale, benchi la pili! Nikishasema hivyo mbele ya mkwe, nitapita wapi?"

Hapo wa kwetu wataelewa, na wa kwingine niwaeleze. Mkwe huyo alikuwa mume wa shangazi yangu mkubwa. Bibi na yeye walikuwa hawapiti njia moja. Wakikutana, mkwe anaingia porini, Bibi anajifunika uso anapita. Bibi hakuwahi kutafuna kitu mbele yake, wala kutaja mbele yake kitanda, nguo ya ndani, au tumbo kuuma. Kanisani walikaa pande mbili, kila mmoja akitazama madhabahu kama amefungwa shingo. Sasa asimame mama mkwe aseme neno lile? Nadhani mwinjilisti hakulifikiria hilo. Alikuwa bado hajaoa.

"Utapita juu kwa juu," Babu akasema, "kama kunguru."

Mwiko ulimkosa kidogo.

Basi ikawa hivyo, wiki zikapita. Bibi hatubu, kanisa halimpokei, na sikukuu ya kuzaliwa Bwana inakaribia. Nikamsikia akijaribu nyimbo za msiba peke yake kisimani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejipima nguo ambayo hatainunua.

Mimi nilikuwa na tumaini langu. Mwaka huo huo shangazi yangu mdogo alikuwa amegombana na mumewe akakimbilia kwetu. Nikaona utaratibu wote. Mume alikuja na mjomba wake, wakakaa chini vumbini nje ya uzio, hawakupewa kigoda wala maji. Wakaachwa jua liwapige. Ndipo Babu akatoka, akawauliza kama hawajui, "Mmekuja kufuata nini?" Wakajibu, "Tumepoteza mtu wetu." Baada ya maneno mengi wakaingizwa, wakala, wakaondoka na shangazi huku akijifanya hataki. Kwa hiyo nilijua: mume akimtaka mkewe, anakuja. Hakai kwake akaita.

Nikawa nafagia uwanja kila jioni nikitoka shule. Siku moja nikamuuliza Bibi:

"Hajaja tu?"

"Nani?"

"Mumeo."

"Si huyo kalala kivulini."

"Yule mwingine. Si lazima aje kukufuata? Wa shangazi mdogo alikuja."

Bibi aliacha kupepeta. Kuku wakaanza kula kwenye ungo, hakuwafukuza.

"Mume wa shangazi yako mdogo ndiye aliyekuwa amekosa," akasema. "Mimi nimekosa mwenyewe. Mwanamke aliyekosa hafuatwi, mke mwenzangu. Mwanaume akimfuata, watu wanamcheka."

Sikuridhika. Mwinjilisti alikuwa anakuja shuleni kutufundisha kipindi cha dini, na mwisho wa kipindi alikuwa anauliza, nani ana swali. Hakuna aliyewahi kuwa nalo, tulikuwa tunawahi mpira wa matambara. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mungu atakuja lini kumfuata Bibi?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwinjilisti hakucheka. Alisimama anajifuta chaki mikononi, na mikono haikuwa na chaki. Akasema, "Kaeni, nendeni," maneno mawili yasiyopatana, akachukua baiskeli yake.

Jumamosi yake, jua likiwa bado kali, nilikuwa nafagia nikaona baiskeli imeegemezwa nje ya uzio. Mwinjilisti amekaa chini vumbini, na suruali yake ile ya kanisani. Pembeni yake amesimama mzee wa kanisa, yule aliyeongoza baraza lililomtenga Bibi, ameshika kofia.

"Mwinjilisti, mbona unakaa chini? Vigoda si vile pale?" mzee akauliza.

"Kaa, mzee wangu. Tumekuja ukweni."

Mzee wa kanisa akakaa taratibu, magoti yakilia. Mimi nikatazama nyuma yao njia nzima kama kuna mwingine anakuja. Hakuna. Nikakimbia kumwamsha Babu.

"Wamekuja! Yeye mwenyewe hayupo, lakini ametuma!"

Babu alichungulia. Nikaona uso wake unavyobadilika, kutoka usingizi kwenda kwenye furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Akavaa koti. Hakutoka mara moja. Alikaa ndani akanusa ugoro, akanusa tena, akawaacha. Alipotoka alikuwa amekunja uso kama hakimu.

"Mmekuja kufuata nini?"

"Shikamoo, Babu," mwinjilisti akasema.

"Marahaba. Nimeuliza."

"Tumepoteza mtu wetu."

"Amepotelea wapi?"

"Alikwenda mlimani. Tukamfungia mlango. Sasa tumeona nyumba ni tupu."

Kule jikoni kishindo cha mwiko kikakoma.

"Ana kosa au hana?"

"Analo," akasema mzee wa kanisa haraka.

"Analo," mwinjilisti akakubali.

"Na bado mnamtaka?"

"Sisi ni wajumbe tu. Mwenyewe ndiye anayemtaka."

Babu akasahau kwamba anaigiza. Naona hata sasa jinsi alivyochuchumaa kuwa sawa nao. "Kijana, mimi sikubatizwa, niambie ukweli. Mwanaume gani anayemfuata mke aliyemkosea? Kwetu huku, na kwenu Sepuka pia nadhani, huyo wangemtungia nyimbo."

"Wangemtungia," mwinjilisti akasema. "Na ndivyo Biblia inavyosema alifanya. Yule nabii alikwenda kumrudisha mkewe kwa gharama yake mwenyewe, na mke ndiye mwenye kosa. Nimelijua siku zote. Ila Jumapili ile niliishia kwenye kosa la mke, nikapiga meza, nikaketi. Sikufika anapokwenda kumchukua. Sasa mtoto wenu kaniuliza atakuja lini."

Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. Hakuja karibu, alisimama pale wanawake wanaposimama mambo yao yanapozungumzwa.

"Mimi nisemeje?" akauliza. "Kwa kuwa lile neno silisemi. Sitalisema mbele ya mkwe wangu hata mkinifukia kimya kimya."

"Sema lililo lako, mama."

Akafikiri. "Niliogopa njaa. Nilimwona Mungu amechelewa, nikaogopa njaa kuliko nilivyomwamini yeye. Hilo ndilo nililofanya. La kuku ni la juu juu."

Mwinjilisti akainua uso kumtazama. "Hilo ni zito kuliko nililotaka useme," akasema.

"Ndilo ninaloweza kusema mbele ya mkwe."

Wakapewa maji. Mzee wa kanisa aliyanywa bila kupumua.

Jumapili iliyofuata Bibi alivaa kitenge chake cha kijani akapita mbele. Mkwe wake, kwa heshima, aliinuka kabla hajaanza kusema, akaenda kusimama nje ya dirisha ametupa mgongo, ili asikie bila kuwepo. Watu wengi walisema baadaye huo ndio ulikuwa utaratibu mzuri kuliko yote siku ile. Bibi akasema maneno yake, yale yale, hakuongeza. "Niliogopa njaa kuliko nilivyomwamini yeye." Mwinjilisti alikuwa ameinua mkono kumwombea pale mama mmoja aliposimama katikati ya benchi za wanawake. Alikuwa mke wa mzee wa kanisa.

"Kama ni kuogopa njaa," akasema, "basi na mimi niombewe. Kuku wangu alikuwa na doa jeupe, nikalipaka masizi."

Mzee wa kanisa akainua macho akatazama mabati. Aliyatazama muda mrefu sana, kama mtu anayetafuta panapovuja. Watu wakaanza kucheka pole pole, upande wa wanawake kwanza, halafu wanaume, na dirishani mgongo wa mkwe ukawa unatikisika. Sijui kama ni yule mama aliyekuwa amepeleka jina la Bibi barazani. Wengine walisema ndiye. Mimi sikuona, siwezi kusema.

Wakaombewa wote wawili. Bibi akala na kunywa mezani pa Bwana, akageuka, na badala ya kwenda benchi lake la mbele akarudi nyuma kukaa na mimi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama sasa wamepatana na mumewe. Akasema, "Nyamaza," lakini alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kama uliotoka kwenye ugali.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimehubiriwa habari hiyo mara nyingi na watu wenye vyeti. Sijui kama naielewa. Nawajua wanawake ambao ukiwaambia Mungu ni mume wanashtuka, kwa waume walio nao, na siwalaumu. Hata mimi kuna siku mfano huo unanibana kama kiatu cha mtu mwingine. Ila nikiambiwa Mungu anawafuata watu, sitafuti picha mbali. Naona kijana amekaa vumbini nje ya uzio wetu na suruali yake nzuri, anangoja aulizwe amekuja kufuata nini.

Bibi aliishi sana baada ya hapo. Alipokufa wanakwaya waliimba tangu asubuhi, wakabadilishana zamu, na walipotaka kupumzika Babu akawaambia bado, hajashiba.

Jioni hii tumekula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kidogo kwa watoto. Mume wangu amesema mlenda umezidi chumvi. Nimeuonja tena. Ni kweli, umezidi.